Msimwache avae nailoni: kuhusu kijana anayekata kilo kabla ya pambano

Ndugu uliyeuliza, umesema mpwa wako anafanya ndondi kwenye ukumbi wa mtaa huko Kisauni, ana kilo 64, na wiki ijayo anataka apimwe kwenye uzani wa kilo 60. Wenziwe wamemshauri avae koti la mvua la nailoni aruke kamba mchana mpaka jasho limtoke. Nakusihi umzuie. Ujanani nilipigana uzani huohuo, na siku hizi jioni nawashikia vijana pedi za kupigia ngumi huku Majengo, kwa hivyo nayasema niliyoyaona.

Kilo nne kwa wiki moja si mafuta, ni maji, karibu lita nne. Mtu wa kilo zake akipungukiwa hata kilo moja na robo ya maji, pumzi huanza kukata. Na joto letu la Mombasa lina balaa lake. Jasho hupoza mwili linapokauka juu ya ngozi, lakini hewa ya pwani imeshajaa unyevu. Ukijifunika nailoni chini ya mabati, jasho halina pa kwenda na moto wote unabaki mwilini. Marekani mwaka 1997 wanamieleka watatu wa vyuo walikufa, mmoja baada ya mwingine, katika muda usiofika miezi miwili, wakikata uzani kwa njia hizihizi. Walikuwa vijana wenye afya.

Kijana wetu mmoja alifanya hivyo akapita mizani vizuri. Midomo ilikuwa imempasuka, akitema mate hayatoki. Raundi ya pili mikono ilishuka mpaka kiunoni, ngumi anaiona inakuja na hana nguvu ya kuinua glavu. Aliyemshinda hakumzidi ufundi hata kidogo. Iliniuma sana.

Vijana huiga mabondia wa kulipwa, ambao kwa kawaida hupimwa siku moja kabla na wana usiku mzima wa kunywa na kula. Ngumi za ridhaa hupimwa asubuhi ya siku ya pambano, na akishinda, atapanda mizani tena siku nyingine ya kupigana. Sasa atajikausha mara ngapi?

Aingie uzani unaofuata juu ya 60, wa kilo 63.5. Hiyo nusu kilo itaondoka kwa kuacha soda, mahamri na kachiri za jioni. Akitaka 60 kwa dhati, baada ya mashindano haya ashuke taratibu, nusu kilo kwa wiki: samaki, mchicha, mbaazi zisizo tui zito, na ugali wa kiasi.

Wiki hii nguvu aziweke kwenye saa. Kumbi zetu nyingi watu hupiga begi mpaka wachoke, basi. Pambano ni raundi tatu za dakika tatu, mapumziko dakika moja. Awashe saa ya simu, afanye hivyohivyo, na ile dakika akae kitako avute pumzi kwa pua bila kuzungumza na mtu. Mbio akimbie baada ya Alfajiri, ufuoni, maji yakiwa yamekupwa na mchanga ni mgumu.

Akishapimwa, mpe uji na ndizi mbivu, maji anywe kidogo kidogo. Halafu ongea na kocha wake mapema: huko 63.5 huenda akakutana na warefu kumzidi, kwa hivyo siku hizi zilizobaki amzoeze kuingia ndani, yaani kumkaribia mpinzani, na kupiga mbavu.