Chakula kukwama kooni: mwambie daktari akate vinyama

Mkuu, pole kwa yanayompata mdogo wako. Umesema ana miaka 19, nyama inamkwama kifuani, katibiwa vidonda vya tumbo mara tatu bila nafuu, na ana pumu tangu utotoni. Hapo kwenye pumu ndipo niliposhtuka, maana na mimi ndivyo nilivyokuwa, na kumbe ni esofajaitisi ya eosinofili, yaani uvimbe wa kialeji kwenye umio (njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni).

Miaka sita mfululizo nilikuwa wa mwisho kunawa. Tonge la ugali nalifinyanga dogo kama karanga, na kila tonge nalisukumia na funda la maji. Nyumbani wakaona naringa. Siku moja harusini, kipande cha nyama ya pilau kikagoma katikati ya kifua. Hata mate hayakushuka. Nikawa natemea kwenye kikombe mpaka usiku, kikaja kutolewa hospitali kwa endoskopi, ule mpira wenye kamera unaopitishwa mdomoni. Daktari akasema umio uko safi, akanipa dawa za asidi. Hakukata kinyama hata kimoja, yaani kipande kidogo cha umio cha kupimwa maabara. Linaniuma hadi leo, kwa sababu ugonjwa huu unaweza kuwepo na umio ukaonekana mzima kwa macho.

Daktari wa pili aliniuliza, "Ukila unakunywa maji mara ngapi?" Akarudia kipimo, akachukua vinyama sita, juu na chini ya umio. Maabara wanahesabu eosinofili, chembe nyeupe za damu zinazohusika na aleji. Kwenye umio hazitakiwi. Zikifika 15 au zaidi katika eneo moja la hadubini, na sababu nyingine hazipo, hiyo ni esofajaitisi ya eosinofili.

Nilianza na omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi, mara mbili kwa siku, wiki nane. Wapo inaowatosha, mimi haikunitosha. Nikapewa flutikasoni, ile ya kupuliza ya pumu, ila ya kumeza: napuliza mdomoni nimebana pumzi, nameza, nasukutua na kutema, kisha nusu saa sili wala sinywi. Usiposukutua, fangasi wa mdomoni wanaweza kuja. Baadaye niliacha maziwa. Chai ya rangi asubuhi ilinishinda wiki mbili za kwanza, lakini vinyama vilivyofuata vilitoka vizuri. Ngano, mayai na soya navyo huchochea, ila asiache vyote kwa kujiamulia, atadhoofu bure. Kipimo cha aleji cha ngozi mara nyingi hakionyeshi chakula chenyewe. Na akijisikia nafuu, bado arudie endoskopi. Koo linaweza kutulia huku uvimbe unaendelea.

Kikimkwama tena, msimsukumizie ndizi wala tonge. Mate yakigoma kushuka, mpelekeni hospitali usiku huohuo.