Tabo, kule Spiti: nimejibu maswali yenu kuhusu gompa la miaka elfu

Niliporudi kutoka Spiti niligusia kidogo tu habari za Tabo na maswali yakaanza kumiminika, kwahiyo leo nayajibu kwa mpigo. Kwa ambaye hajui, Spiti ni bonde lililo juu kabisa kwenye milima ya Himalaya, kaskazini mwa India, jimbo la Himachal Pradesh, ukivuka milima ya mashariki uko Tibet. Tabo ni kamji kadogo pembeni ya mto Spiti, barabara moja, bustani za matofaa, gesti chache, na katikati yake kuna monasteri ya Kibudha, wenyewe wanaita gompa, imejengwa kwa udongo mwaka 996 na mpaka leo watu wanasali humo. Sio magofu, hilo naomba lieleweke mapema.

"Nina miaka 52, nimezaliwa na kukulia Tanga, mlima naujua kwenye picha tu. Naogopa kukosa pumzi. Nitaweza kweli?" (Mama wa Tanga)

Dada yangu utaweza, ila usiende haraka, na hili naomba wote mlisikie kabla ya mengine yote. Tabo iko mita 3,280 juu ya usawa wa bahari. Kaza, ambao ndo mji mkubwa wa bonde, kama kilomita 47 mbele, uko kwenye mita 3,650 hivi, yaani karibu sawa na kituo cha Horombo kule Kilimanjaro chenye mita 3,720. Tofauti ni kwamba Horombo unafika kwa miguu siku ya pili, na waongozaji wanakwambia pole pole njia nzima mpaka unachoka kulisikia hilo neno, lakini Spiti unafika umekaa kwenye gari unakula karanga, mwili haujapewa taarifa yoyote.

Mi safari yangu ya kwanza nilitokea Manali, mita kama 2,000, tukaondoka alfajiri, mchana tukapita Kunzum La, njia ya kuvukia mlima, ambayo ni mita 4,551, jioni tuko Kaza, na mwenye gari alikuwa ameniambia hakuna shida wote wanapita hivyo hivyo. Usiku ule kichwa kiliuma kama kinapasuliwa, nikatapika, usingizi hakuna, kila nikianza kusinzia nashtuka natafuta hewa. Siku mbili nzima nikabaki kitandani naangalia dari wakati gompa nililolifuata liko mwendo wa saa moja na nusu tu.

Safari ya pili nilizunguka upande wa Shimla na ndo njia nakushauri wewe. Shimla mita 2,200, lala. Kalpa mita 2,900 na kitu, lala siku mbili. Nako iko juu kidogo, mita 3,600, lala, halafu ndo unashuka kuingia Tabo, yaani unafika mwili umeshazoea. Kunywa maji, pombe acha. Kichwa kikianza kuuma usipande zaidi mpaka kipone, na ukiona mtu anayumba akitembea, anaongea vitu havieleweki au anahema hata akiwa amekaa tu, hapo hakuna kusubiri asubuhi, mshusheni chini muda huohuo. Kuna dawa ya acetazolamide inasaidia mwili kuzoea lakini ongea na daktari kwanza, hasa kama una presha au dawa za salfa zinakudhuru.

"Mimi nasoma Punjab, nina viza ya mwanafunzi. Nasikia kuna kibali cha pekee kwa wageni, kinapatikanaje?" (Kijana kutoka Mwanza)

Mdogo wangu, inategemea unaingilia wapi. Ukitokea Manali kwenda Kaza halafu ukateremka Tabo na kurudi njia hiyohiyo, kibali huhitaji. Ukitokea Shimla kupitia wilaya ya Kinnaur, kile kipande kinachopita jirani na mpaka wa China ndo kinataka kibali kwa sisi wageni, Wahindi wenyewe wanapita bila. Kinatolewa Rekong Peo, mji uko chini ya Kalpa, unapeleka nakala ya pasipoti, nakala ya viza na picha, wanakupiga na picha nyingine palepale, na kwa kawaida unapitia kwa wakala wa safari. Fika siku ya kazi asubuhi, usije jumapili halafu ukalaumu watu. Toa kopi kadhaa za hicho kibali maana kwenye vizuizi wanazibakiza.

Kwa wanaotoka nyumbani: viza ya India unaomba kwenye mtandao wa serikali yao, uwe makini na kurasa za kuigiza zinazotoza mara tatu, na kadi ya njano usiisahau. Ukitoka nchi ambayo India imeiorodhesha kuwa na homa ya manjano, kama Kenya, bila chanjo yake iliyochomwa angalau siku 10 kabla, wanaweza kukuweka karantini mpaka siku 6, na safari yote ishaharibika hapo.

"Mwezi gani mzuri?" (Mdau, Kisumu)

Septemba. Mvua za masika ya India zinakuwa zinaisha, njia ya Manali bado iko wazi (inafunguka kama Juni na kufungwa na theluji kwenye Oktoba, Novemba), matofaa yameiva na anga ni la buluu mpaka macho yanauma. Julai na Agosti ndani ya Spiti kwenyewe hainyeshi sana kwasababu milima inazuia mawingu, shida iko njiani, Kinnaur mlima unaporomoka barabarani unakaa masaa sita unasubiri greda.

"Nimeona picha za nje, mbona ni nyumba za udongo tu kama za kijijini kwetu Dodoma? Kuna nini cha kunipandisha mpaka kule?" (Msomaji, Dodoma)

Nilipenda sana hili swali kwasababu na mimi nilisimama pale getini nikawaza hivyohivyo. Kuta nene za udongo, paa bapa, rangi ya kahawia kama mlima wa nyuma yake, hakuna dhahabu, hakuna minara. Kwakweli inafanana na tembe la Kigogo kuliko inavyofanana na hekalu la kwenye kalenda. Yote yako ndani.

Unavua viatu, unainama mlangoni, unaingia ukumbi mkuu wanaouita dukhang na huoni kitu. Giza. Mwanga unatoka kwenye kitundu cha juu tu, basi. Watu wengi niliowaona waliingia, wakageuza shingo mara mbili, wakatoka, dakika tatu hazijafika, na wamekata bonde zima kuja. Wewe kaa chini. Kaa kwenye busati, subiri dakika kumi. Kwanza unasikia harufu, samli iliyoungua kwenye taa na vumbi la zamani. Halafu ukutani juu ya kichwa chako linaanza kutokea goti. Halafu mkono, vidole vimekunjwa kama mtu anashika uzi. Halafu unashtuka kwamba umezungukwa, kuna masanamu 32 ya udongo ukubwa wa mtu, yametokeza kwenye kuta pande zote, yamekaa kama yanaelea, na kila moja uso wake. Chini ya hayo kuta zimechorwa mwanzo mwisho, upande mmoja maisha ya Budha, upande mwingine safari ya kijana Sudhana aliyekuwa anazunguka kutafuta mwalimu wa kumfundisha ukweli, kutoka mwalimu huyu mpaka yule, wengine watawa, wengine watu wa kawaida kabisa. Buluu yake bado buluu. Miaka elfu moja.

Aliyejenga ni Yeshe-Ö, mfalme wa Guge, dola iliyokuwa magharibi ya Tibet. Ubudha ulikuwa umedhoofika huko, akatuma vijana Kashmir wakasome, wengi wakafia njiani, aliyerudi na kuwa maarufu ni Rinchen Zangpo, huyu wanamkumbuka kama mtafsiri mkuu, alitumia maisha yake kuhamisha vitabu kutoka Kisanskriti kwenda Kitibeti na inasemwa alirudi na mafundi wa Kashmir ndo maana michoro ina mkono wa kule. Na mwaka wenyewe tunaujua kwasababu umeandikwa ukutani humo ndani, kwamba mfalme alijenga, na miaka 46 baadaye mjukuu wa ndugu yake, Jangchub Ö, akakarabati, hiyo ni 1042. Mtu wa Unguja atakumbuka msikiti wa Kizimkazi na maandishi yake ya 1107, ni jambo la namna hiyo, mtu kaandika ukutani na ukuta umetunza.

Ila sasa nikwambie kilichoniuma. Jengo la udongo linaishi kwasababu mvua hainyeshi, na siku hizi mvua inakuja hata pasipo na desturi. Kuna sehemu ukutani niliona michirizi ya tope imeshuka kutoka darini, imepita juu ya shavu la mtu aliyechorwa na kuendelea mpaka sakafuni. Mtetemeko wa Januari 1975 uliitikisa ikasimama. Mpasuko wa tetemeko unaweza kuzibwa lakini tope likishalowanisha rangi, rangi inaondoka nalo.

"Naruhusiwa kupiga picha ndani?" (Mpiga picha, Nairobi)

Hapana. Nje piga utakavyo, ndani ya mahekalu ya zamani hairuhusiwi, na usijaribu kuiba kwa simu. Beba tochi ndogo, na usiishike karibu na ukuta, wala usiguse ukuta, wala usiuegemee na begi mgongoni. Mtawa anayekufungulia atakuacha peke yako humo kwa kukuamini, tafadhali.

"Mimi ni Muislamu, nataka kwenda na mume wangu. Je tutalazimishwa kusujudu au kufanya ibada zao? Na chakula?" (Dada wa Zanzibar, anaishi Muscat)

Hakuna wa kukulazimisha lolote, dada. Wanachotaka ni adabu: viatu nje, kofia vua ila mtandio wako hauna tatizo, sauti chini, usikae umenyoosha miguu kuelekea sanamu au mtawa, na ukizunguka hekalu au minara yao ya ukumbusho liwe upande wako wa kulia muda wote. Kuhusu kuingia penye masanamu hilo muulize sheikh wako unayemwamini, sio mimi. Kuna Wahindi Waislamu nilikutana nao kwenye gesti walisali chumbani kwao na mwenyeji akawatafutia busati safi bila kuombwa.

Chakula kisicho na nyama kiko kila mahali, wali na dengu, chapati, mboga, kwahiyo hutahangaika. Momo ni kama sambusa iliyopikwa kwa mvuke, omba za mboga. Thukpa ni supu ya tambi, jioni ya baridi hakuna kama hiyo. Tsampa ni unga wa shayiri iliyokaangwa, unamiminia chai kidogo unakanda kwa vidole mpaka inashikana kama tonge la ugali halafu unakula hivyohivyo. Na hiyo chai yenyewe ni ya chumvi na siagi, usiipokee ukiwaza chai ya maziwa na iliki maana utaitema, ipokee ukiwaza supu utaielewa. Sehemu zingine wanauza pombe ya shayiri, inaitwa chang, na mwenye nyumba anaweza kukumiminia kwa ukarimu, funika kikombe kwa kiganja uweke na tabasamu, ataelewa.

"Ni kweli huko kuna mtawa aliyekufa akiwa amekaa na mwili haujaoza?" (Wengi mmeuliza hili)

Ni kweli, sio Tabo yenyewe, ni kijiji cha Giu, kilomita chache ndani kutoka barabara kuu karibu na Sumdo. Anaitwa Sangha Tenzin, ana kama miaka 500, tetemeko lile la 1975 ndo lilimfichua. Amekaa, magoti juu, meno yanaonekana, na nywele kidogo. Hakupakwa dawa, baridi na ukavu wa kule ndo vimemtunza, na inaaminika alijinyima chakula taratibu mpaka mwisho akiwa kwenye tafakuri. Nendeni kama mnaenda kwenye kaburi la mzee wa watu, maana wanakijiji wanamhesabu ni wao.

"Siku ngapi zinatosha Tabo?" (Mdau, Bujumbura)

Wengi wanapitia masaa mawili wakielekea Kaza. Mi nasema lala usiku tatu. Beba pesa taslimu za kutosha maana mashine za kutolea hela bondeni ni chache na kuna siku hazina kitu, na laini yako ya simu ya nyumbani iweke kwenye begi tu. Siku ya kwanza usifanye chochote, tembea mpaka mtoni urudi. Ya pili panda kwenye mapango yaliyo juu ya barabara, watawa wa zamani walikuwa wanakaa humo kipindi cha baridi, pole pole tu ni mlima mfupi lakini pumzi utaitafuta. Mchana ingia dukhang, kesho yake ingia tena, mara ya pili utaona vitu ambavyo mara ya kwanza havikuwepo.

Na alfajiri moja amka uende kwenye sala, wanafanyia hekalu jipya la pembeni lililojengwa baada ya tetemeko. Kaa nyuma ukutani. Mimi nilikaa hapo nimejikunyata kwenye shuka la gesti, wazee wanasoma kwa sauti nzito za kifuani, na mtoto wa kama miaka tisa, kanzu imemzidi urefu, akaja na birika kubwa anamiminia kila mtu. Alipofika kwangu akaona sina kikombe. Akaliweka birika chini, akatoka nje anakimbia na soksi, akarudi na kikombe cha bati, akakifuta kwa ncha ya kanzu yake ndani na nje, akanimiminia mpaka juu kabisa, akasimama pale ananiangalia mpaka ninywe.