Shughuli yetu hupangwa na mwezi

Swali la wiki hii lilikuwa: ni shughuli gani ya mtaani kwenu, ya mazingira na ujirani, ambayo ungependa mitaa mingine iige? Nakaa Tudor, Mombasa, upande unaoteremka kwenye mkono wa bahari. Jibu langu ni usafi na upandaji wa mikoko tunaoufanya kila mwezi, na hasa namna tunavyochagua siku yake. Tarehe hatuichagui sisi. Huchaguliwa na maji.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Miaka michache iliyopita tuliletewa siku ya kupanda mikoko. Nasema tuliletewa kwa sababu tarehe ilikuja imeshakatwa, pamoja na hema, viti, fulana na mgeni rasmi. Mgeni alitarajiwa saa nne, akafika karibu na saa tano. Tukateremka sote na mbegu mikononi, tukakuta maji yamejaa na matope yanayofaa mkoko yako chini yake. Hakuna aliyekuwa na uso wa kumrudisha mgeni bila kupanda, basi tukapanda palipokuwa pakavu: kile kiwanja cheupe cha chumvi kilicho juu, nyuma ya mikoko. Picha zilitoka nzuri. Miezi miwili baadaye nilipita pale na mwanangu. Mbegu zilikuwa zimesimama safu kwa safu, kavu, nyeusi kama njiti za kiberiti zilizokwisha kuwashwa. Mwanangu alikuwa amepanda tano. Alizitafuta zote tano, na mimi sikuwa na la kumwambia.

Siku ile ya hotuba, mzee mmoja mvuvi alikuwa ameketi pembeni akishona wavu wake. Nilipokwenda kumwamkia akaniuliza, "Mwanangu, leo mwezi tisa, haya ni maji mafu. Nani aliyewaambia mje kupanda leo?" Nikaona haya kuuliza maana yake, lakini niliuliza.

Maana yake ni hii. Mwezi tisa ni siku ya tisa tangu mwezi kuandama, si Septemba. Hapa Mombasa mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, huja bamvua. Maji hujaa sana alfajiri kwenye saa kumi, kisha hupwa kabisa saa nne au saa tano asubuhi, na kati ya kujaa na kupwa huweza kuwa na tofauti ya zaidi ya mita 3. Wiki moja baadaye, siku za maji mafu, mambo hugeuka: saa nne asubuhi ndipo maji yanapokuwa yamejaa. Kwa hiyo ile saa nne inayopendwa na kila mgeni rasmi ni saa nzuri wiki hii na mbaya wiki ijayo. Nacho kiwanja cha chumvi tulichopanda hufikiwa na maji wakati wa bamvua tu, siku nyingine zote hukaangwa na jua. Mchu, aina nyingine ya miti ya mikokoni, huweza kustahimili mahali kama pale. Mkoko tuliopanda hauwezi.

Tangu hapo tunakutana mwezi pili, yaani siku ya pili baada ya mwezi kuandama, saa tatu na nusu asubuhi. Ikiangukia Ijumaa au Jumapili tunasogeza kwa siku moja, bamvua lenyewe halikimbii. Ile sikukuu ya taifa ya kupanda miti, tarehe 13 Novemba 2023, kwa bahati njema iliangukia mwezi mpya, na nilifurahi sana kuona watu wengi ufuoni saa ambayo matope yako wazi.

Kazi ya kupanda yenyewe ni nyepesi, hata mtoto wa darasa la pili huifanya vizuri kuliko sisi. Mbegu ya mkoko huota ikiwa bado inaning'inia mtini, ikarefuka kama mkono kutoka kiwiko hadi kiganjani. Hatuzichumi zilizo kijani tupu. Tunaangalia pete ya manjano pale juu, karibu na kikonyo, ndiyo dalili kwamba imekomaa. Unaidunga kwenye matope, ncha chini, theluthi moja iingie, basi. Huchimbi, hutii mbolea, humwagilii. Lakini lazima urudi. Takataka zikija na maji huilalia ikavunjika, mbuzi hushuka wakati wa kiangazi, na mfuko mmoja tu ukijizungusha kwenye mche unatosha kuung'oa. Ndiyo maana siku zetu nyingi ni za kuokota na kufungua kuliko za kupanda.

Mifuko myembamba ilipungua sana baada ya katazo la tarehe 28 Agosti 2017. Sasa tunachotoa kwenye mizizi ni chupa, nepi, magunia na ndara, ndara za kila rangi, karibu kila mara za mguu mmoja.

Jambo lililotuunganisha kweli lilitokea siku moja ya kuokota. Jirani yangu, mama karanga anayekaanga samaki pale juu barabarani, alichomoa kifuniko cha ndoo kutoka katikati ya mizizi. Akakigeuza, akakipangusa matope kwa kanga yake. Kilikuwa na namba ya nyumba yake, ameiandika mwenyewe kwa rangi nyekundu. Alikuwa amekitupa wiki iliyotangulia pamoja na taka nyingine, na akawalipa vijana wa mkokoteni wazipeleke. Akakaa kimya kitambo, kisha akasema, "Kumbe nalipa pesa samaki wangu walishwe taka zangu."

Kwingine kungeanza matusi. Sisi tuliwaita wale vijana barazani jioni ile ile, wakaja, na wakasema ukweli. Jaa linalotambuliwa liko Mwakirunge, huko Kisauni, na hakuna mkokoteni unaosukumwa hadi huko ukarudi na faida. Njia ya kwenda kituo cha karibu cha kukusanyia taka nayo ina mlima, na malipo yetu yalikuwa hayafiki. Tukapandisha malipo. Wao wakakubali kupeleka taka kituoni, na mwezi pili kuja ufuoni na mikokoteni yao. Wawili kati yao ndio sasa wanaojua kuliko mtu yeyote mche upi umeshika na upi umekufa. Mama karanga ndiye mweka hazina.

Baadhi ya majirani hutuuliza mbona tusifanye kama Gazi, kule Kwale, ambako wanakijiji wa mradi wa Mikoko Pamoja wanauza hewa ya ukaa tangu 2013, yaani hulipwa kwa hewa hiyo inayofyonzwa na mikoko wanayoitunza, na fedha zake zinasaidia maji na shule. Nawaheshimu sana wale watu. Lakini mtaa wetu ni wa wapangaji, mtu huhamia Januari akahama Juni, na nadhani ahadi ya fedha ingetugombanisha kabla haijafika. Kinachotushika sisi kwa sasa ni kikoa. Kazi ikiisha, maji yanapoanza kurudi, tunatandika mikeka chini ya mkungu na kila nyumba huleta ilichonacho: huyu mbaazi za nazi, huyu mahamri, yule ambaye hali si nzuri huleta birika la kahawa chungu, na hakuna anayehesabu. Nina jirani niliyepishana naye ngazini miaka mitatu bila kujua jina lake. Nililijua akinimwagia maji miguuni nitoe matope.

Kwa mtaa wowote wa pwani unaotaka kuanza: mtafuteni kwanza mvuvi mzee, mumsikilize kabla hamjachapisha fulana. Na mkipenda kutuona, mwezi ukiandama hesabuni siku mbili, mje Tudor saa tatu na nusu. Vaeni raba za kufunga kamba, kwani matope huvua ndara na chaza walioshika mizizi hukata miguu vibaya. Njooni na kisu cha kukatia nyavu kuukuu na gunia moja. Mbaazi zitakuwapo.