Ameumia shingo, mbona wapitie kwa paja?

SWALI: Habari daktari. Kakangu ni mtu wa bodaboda hapa Nakuru, juzi akielekea Njoro akagongwa na matatu. Aliamka vizuri, anaongea, ila chini ya taya kuna uvimbe unadunda kabisa ukiweka kidole. Wamempiga picha wakasema mshipa mkubwa wa damu umechanika ndani, sasa wanataka kupitisha waya kwa paja hadi shingoni. Mama amekataa, anataka akandwe na mafuta kwanza. Tufanye nini?
Dada yake, Nakuru

JIBU: Pole sana dada. Kwanza kabisa huyo wa kukanda asimguse. Uvimbe unaodunda hivyo mara nyingi ni damu iliyopenya ukuta wa mshipa ikajitengenezea kifuko, ukikanda unaweza kukipasua ama usukume donge la damu liende kwa ubongo, na ndio unakuta mtu aliyekuwa anapiga stori asubuhi, jioni mdomo umepinda na mkono haushiki kikombe. Kiharusi cha aina hii hakiji lazima siku ya ajali, kinaweza kungoja masaa ama siku kadhaa, kwa hivyo hiyo ya “anaongea vizuri” isiwatulize.

Sasa paja. Mshipa wa kinena umeungana na ule mkubwa unaotoka kwa moyo, na mishipa ya shingo inatoka huko huko. Daktari anaganzisha kinena, anaingiza sindano, halafu waya laini, halafu kateta, yaani kamrija kembamba kanakofuata huo waya, yote akiangalia kwa skrini ya eksirei. Si kitu cha majaribio, njia hiyo ya sindano na waya ilitolewa na Sven-Ivar Seldinger wa Sweden mwaka 1953. Akifika penye shida anaweka stenti, kijibomba cha nyavu za chuma kinachofunguka na kushikilia ukuta uliochanika, ama ile iliyovikwa kitambaa ya kuziba tundu, ama anajaza kifuko na koili, yaani nyuzi laini za chuma zilizojikunja.

Kupasua bado kupo. Mtu amechomwa kisu katikati ya shingo na damu inaruka, huyo anaenda thieta moja kwa moja. Lakini pale juu kwa kakako taya limefunika mshipa na neva za ulimi na za kumeza zimepita hapo hapo, kisu kinapata shida kufika bila kuharibu kitu kingine.

Hata hivyo muulizeni daktari kama stenti ni lazima, kwa sababu mchaniko mdogo mara nyingi hutibiwa kwa aspirini ama heparini tu na picha inarudiwa baadaye. Na muulize kama kuna damu imevuja kichwani, maana hizo dawa zinazuia damu kuganda na stenti nayo inazihitaji, kawaida aspirini pamoja na klopidogreli kwa miezi. Hapo ndipo naona watu wakiharibu, akipata nafuu anaacha vidonge, stenti inaziba.

Hatari zipo, sitawaficha: kiharusi chenyewe, kuvuja damu kinenani, na ile dawa inayodungwa ili mishipa ionekane kwa picha kusumbua figo, kwa hivyo kama ana sukari ama shida ya figo semeni mapema. Kope moja ikilegea, maneno yakikwama ama upande mmoja ukipoteza nguvu, iteni nesi saa hiyo hiyo hata kama ni usiku wa manane.