Macho mekundu, sikio linavuma: msikawie

Dada wa Wete, nimekufahamu. Unasema kakako ana macho mekundu yasiyostahamili mwangaza, kizunguzungu hadi anatapika, na kusikia kunapungua. Mume wangu alianza hivyohivyo: akenda msalani kwa kushika ukuta, adhana ya hapo jirani akiisikia kama inatoka kisimani. Tulipewa matone ya macho tu, wiki baada ya wiki. Sikio la kushoto halikurudi tena.

Huenda ni ugonjwa wa Cogan, yaani kinga ya mwili kushambulia macho na sikio la ndani. Ni nadra sana, kwa hiyo mwelezeni daktari macho na masikio kwa pamoja. Apimwe usikivu na damu, kaswende ikiwemo. Msione haya, dalili zake hufanana. Macho mara nyingi hutulia kwa matone ya steroidi, dawa za kutuliza uvimbe na kinga ya mwili. Sikio ndilo lisilosubiri, hutaka steroidi za kumeza mapema, kwa amri ya daktari. Asizinunue mwenyewe, wala asiziache ghafla.

Mkiandikiwa hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, au Muhimbili, Dar es Salaam, pandeni boti. Kombe, yale maji ya aya za Qurani, anywe, ila lisimcheleweshe. Kifua kikimuuma au pumzi ikimbana, hospitali usiku huohuo: ugonjwa huu huweza kugusa mshipa mkuu utokao moyoni.