Kwa nini Wamarekani humwita kereng'ende sindano?

SWALI: Binti yangu anasoma kitabu cha wadudu kilichochapishwa Marekani. Kereng'ende mkubwa ameitwa humo "darner", na mahali pengine "devil's darning needle", sindano ya shetani. Jina hilo limetoka wapi? Ina maana anadunga?

JIBU: Hadungi, dada. Hana mwiba wala sumu, mwache binti amtazame kwa karibu.

"Darning needle" ni sindano ndefu, nene, yenye tundu pana la kupitisha uzi wa sufu, ya kuzibia soksi iliyotoboka. Zamani ilikuwa haikosekani katika nyumba za Uingereza na Marekani. Mtu aliyeishika kila jioni, akimwona kereng'ende na tumbo lake refu jembamba lililonyooka, jina alikuwa nalo mkononi. Asili yake ni umbo hilo.

Shetani aliingizwa na hofu. Watoto walitishwa kwamba mdudu huyu humshona mdomo mtoto mwongo. Kusini mwa Marekani akaitwa "snake doctor", tabibu wa nyoka, kwa imani kwamba huwashona nyoka waliojeruhiwa. Uingereza nako walimwita "horse-stinger", mdunga farasi. Walimsingizia bure: anachofuata kwenye farasi ni nzi, ndio chakula chake.

Wataalamu wa Marekani walilibakiza jina la sindano kwa familia ya Aeshnidae, ambamo yumo Anax junius, yule wa kijani aliyeenea sana huko. Ndugu yake, Anax imperator, tunaye Afrika Mashariki. Nendeni kwenye bwawa lenye majani wakati wa jua, mtafuteni jike anayetaga. Hutua juu ya jani linaloelea, akapinda tumbo hadi majini, akatoboa jani kwa kifaa kigumu kilicho karibu na ncha ya tumbo, akapenyeza yai ndani. Kisha husogea kidogo, akatoboa tena. Ukimwona hivyo utaapa anashona, na kwa maoni yangu mwenendo huo uliwapa nguvu wasimuliaji wa zile hadithi za kushona midomo.

Cha kuangalia ni mbele, si nyuma. Mwaka 1793 mtaalamu wa wadudu Fabricius aliliita kundi lote la kereng'ende Odonata, kutokana na neno la Kigiriki la jino, kwa kuwa taya zao zina meno. Mkubwa akishikwa vibaya anaweza kubana kidole. Mshikeni kwa mbawa zote nne zikiwa zimefungwa pamoja juu ya mgongo, kisha mwachieni.