Hati ni ya marehemu, dalali anataka milioni 40 kabla ya Ijumaa: tulipe?

Swali: Habari za kazi, Wakili. Mimi na mume wangu tunafanya biashara ya nafaka hapa Malaba. Tumepata nyumba ya vyumba vitatu Seeta, Uganda, kwenye kiwanja cha futi 50 kwa 100, kwa shilingi za Uganda milioni 120. Dalali ametutumia fotokopi ya hati kwenye WhatsApp. Hati ni ya ekari mbili, na jina lililoandikwa ni la marehemu baba wa muuzaji. Anasema kipande chetu kitakatwa baadaye. Anataka milioni 40 taslimu kabla ya Ijumaa, kwani kuna mnunuzi mwingine. Mume wangu anaogopa tutaikosa nyumba, mimi usingizi umenipotea. Tulipe? Na tufanyeje ili jambo hili lisitumalize kwa presha?

Jibu: Dada yangu, Ijumaa msilipe. Mwambie mumeo kwamba hofu yake naielewa, maana nyumba nzuri karibu na barabara ya Jinja hazikai sana sokoni. Lakini presha mnayoisikia sasa ni ndogo kuliko ile ya mtu aliyekwisha kutoa milioni 40 na bado hajui aliyempa ana haki ya kuuza. Karibu wateja wote wanaokuja ofisini kwangu wakiwa wamechoka na ununuzi, kilichowachosha ni kimoja: pesa ilitangulia, karatasi zikabaki kufuatiliwa. Ninyi anzeni na karatasi. Kila malipo yafanyike baada ya jambo fulani kuthibitishwa, na mjue ni jambo gani.

La kwanza mnaweza kulifanya wiki hii bila kumlipa muuzaji chochote. Angalieni kwenye ile fotokopi namba ya bloku na namba ya ploti. Pelekeni namba hizo ofisi ya ardhi ya kanda, Mukono, muombe upekuzi wa hati. Ada yake ni ndogo na hulipwa benki. Majibu yatawaonyesha nani ameandikishwa kuwa mmiliki leo, ukubwa wa ardhi, kama benki imeishika kwa mkopo, na kama kuna mtu ameweka zuio, yaani pingamizi lililoandikishwa ili ardhi isihamishwe. Fotokopi inaonyesha hati ilivyokuwa siku iliponakiliwa tu. Zuio lililowekwa mwezi uliopita na dada wa muuzaji hamtaliona humo. Vipimo kwenye hati huandikwa kwa hekta, kwa hiyo msishtuke: ekari mbili ni kama hekta 0.81, na kiwanja chenu cha futi 50 kwa 100 kitakuja kusomeka karibu hekta 0.046.

Sasa tuje kwenye jina la marehemu, maana hapo ndipo penye uzito. Kuwa mtoto wa marehemu hakumpi mtu mamlaka ya kuuza ardhi yake. Muuzaji anatakiwa awe na barua za usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani, na jina lake liandikishwe kwenye hati kama msimamizi kabla hajahamisha kitu kwa mtu mwingine. Muombeni barua hizo. Akiwaonyesha, someni majina yaliyomo: wasimamizi wakiwa wawili au watatu, wote watie sahihi, si yeye peke yake. Mimi pia hudai mjane na watoto wakubwa waandike kwamba wameridhia. Watu wa familia ndio huibuka mnunuzi akishahamia, na mara nyingi wana hoja ya haki. Na kama muuzaji anaishi na mke wake katika nyumba hiyo, Sheria ya Ardhi ya 1998 inadai ridhaa ya mwenzi kwa maandishi. Bila hiyo mauzo ni batili hata kama kijiji kizima kilishuhudia.

Akisema barua bado anazishughulikia, msubiri azipate. Mnaweza kumwandikia kwamba mna nia ya kununua, lakini pesa ikae benki kwenu.

Jambo la kukata kipande linahitaji mpimaji mwenye leseni, na mumchague ninyi, si dalali. Aende na ramani ya ploti afungue mipaka, awaonyeshe mawe ya kona, na ahakikishe nyumba yote imo ndani ya kipande chenu pamoja na njia ya kuingilia. Nimeona jiko la nje na shimo la choo vikiangukia upande wa ndugu aliyekataa kuuza. Siku hiyo nendeni wenyewe, mzungukie ekari zote mbili. Sehemu kubwa ya ardhi ya Buganda ni ya mailo, mfumo wa umiliki uliotokana na Mkataba wa 1900 kati ya Buganda na Waingereza, na juu ya hati moja huweza kuwa na watu wenye bibanja, yaani vipande wanavyokalia na kulima bila hati yao wenyewe, wanaolindwa na sheria. Mkiona migomba iliyopaliwa vizuri nyuma ya nyumba, ulizeni ni ya nani na kama analipa busuulu, kodi ya mwaka anayolipwa mwenye hati. Mwenye kibanja haondoki kwa sababu ardhi imepata mmiliki mpya.

Mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, mpeni heshima yake, na sahihi yake kama shahidi inafaa. Lakini mhuri wake hauthibitishi umiliki, na hakuna sheria inayompa asilimia 10 ya bei ya nyumba, ingawa wapo wanaoidai.

Haya yote yakikaa sawa, ndipo wakili wenu aandike mkataba, awe tofauti na wakili wa muuzaji. Malipo ya kwanza yapite benki. Kwa kesi yenu ningeweka asilimia 10 tu, na mkataba utaje tarehe ya kurudishiwa pesa kama hati ya kipande chenu haikutoka. Mkishalipa, mna haki ya kuweka zuio kwenye ile hati kubwa ili isiuzwe kwa mwingine. Salio litoke siku mnapopokea hati halisi ya kipande chenu, fomu za uhamisho zilizosainiwa, picha za pasipoti na nakala ya kitambulisho cha taifa cha kila anayeuza, vyote mezani kwa wakati mmoja.

Tengeni pia pesa ya ushuru wa stempu, kodi ya serikali kwenye uhamisho wa ardhi. Ni asilimia 1.5 ya thamani anayoipanga mthamini wa serikali, ambayo huweza kuzidi bei mliyokubaliana. Kwa milioni 120 hiyo ni milioni 1.8, na bado kuna ada za mpimaji na wakili.

Jioni hii mpigieni muuzaji mwenyewe, si dalali. Mwambieni mnaitaka nyumba, mtaenda Mukono kufanya upekuzi, na mnaomba nakala ya barua za usimamizi wa mirathi. Akizileta, nileteeni nizisome kabla hamjasaini chochote.